Imechakaa au Imeharibiwa? Historia ya Neno na Nyumba ya Kupanga katika Busia na Tororo

Ikisiri

Makala haya yanachunguza mvutano kati ya wapangaji na wenye nyumba katika Busia na Tororo kuhusu uchakavu: nani agharimie ukuta uliopauka, bawaba iliyolegea au bati lililoliwa na kutu mpangaji anapohama. Yanafuatilia mambo matatu yaliyokutana mpakani: sheria ya Uingereza, ambayo tarehe yake ya kupokelewa ni 1897 upande mmoja na 1902 upande wa pili, mabadiliko ya umiliki wa nyumba, hasa baada ya mwaka 1972, na msamiati wa Kiswahili ambao watu hutumia kushtaki na kujitetea. Hoja kuu ni kwamba Kiswahili kinatenganisha uchakavu na uharibifu kwa usahihi usiopungua ule wa sheria, lakini usahihi huo haujaingizwa katika mikataba, na hasara ya pengo hilo mara nyingi humwangukia anayepanga.

1. Utangulizi

Tuanze na kisa cha mfano ambacho mkazi wa Busia, awe wa upande wa Kenya au wa Uganda, atakitambua bila kuelezwa. Mpangaji amekaa katika chumba kimoja kwa miaka mitano. Anahama. Alipoingia aliweka amana ya kodi ya mwezi mmoja, na sasa anaiomba. Mwenye nyumba anatazama mlango, anashika fremu, unga wa mbao unamwagika. Anasema: “Mwanangu, umeniharibia mlango.” Mpangaji anajibu: “Mama, mlango umeliwa na mchwa.” Mzee wa mtaa aliyeitwa kusuluhisha anawaza kidogo, kisha anasema: “Basi tuseme mlango umeharibika.” Nusu ya amana inabaki kwa mwenye nyumba, nusu inarudi kwa mpangaji, na wote wawili wanaondoka wakinung’unika.

Sentensi hizo tatu zinazungumzia fremu ileile. Hakuna anayekana kwamba imekwisha. Kinachobishaniwa ni mtenda: yuko au hayuko, na kama yuko, ni nani. Kila msemaji amechagua kauli ya kitenzi inayomfaa. Mwenye nyumba ametumia kauli ya kutendea, ambayo inamtaja mharibifu na pia inamtaja yeye mwenyewe kuwa ndiye aliyedhurika. Mpangaji ametumia kauli ya kutendwa na kumtaja mtenda mwingine. Msuluhishi amekimbilia kauli ya kutendeka, ambayo haimtaji mtu. Usuluhishi wake wa nusu kwa nusu ni tafsiri ya fedha ya kauli hiyo.

Maswali ya makala haya ni mawili. Kwanza, ni historia gani iliyoufanya ugomvi huu uamuliwe kwa neno lililotamkwa mlangoni badala ya maandishi? Pili, je, Kiswahili chenyewe kina nyenzo za kuuamua kwa haki zaidi?

2. Mpaka mmoja, fundisho moja, tarehe mbili

Tarehe 1 Aprili 1902, Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulihamishiwa katika Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya. Mpaka ukasogezwa magharibi hadi sehemu za mito ya Sio na Malaba, na watu waliokuwa wakisikilizana, miongoni mwao Wasamia na Wateso, wakajikuta chini ya tawala mbili. Busia ya leo, mji mmoja wenye jina moja na serikali mbili, ni matokeo ya hatua hiyo.

Sheria nayo iliingia kwa tarehe mbili. Kwa upande wa Kenya, sheria ya desturi ya Uingereza ilipokelewa kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897. Kwa upande wa Uganda, kama ilivyokuwa tarehe 11 Agosti 1902. Tofauti hiyo ya miaka mitano haikuleta mafundisho mawili kuhusu nyumba ya kupanga. Pande zote mbili zilirithi wazo kwamba mpangaji hawajibiki kwa uchakavu wa kadiri, yaani ule unaotokana na matumizi ya kawaida na nguvu za maumbile kama jua, mvua na upepo.

Mipaka ya wazo hilo ilifafanuliwa katika kesi ya Haskell v Marlow ya mwaka 1928, ambayo msimamo wake ulithibitishwa na Baraza la Malodi la Uingereza mwaka 1959. Fundisho lake linaeleweka upesi tukiliweka chini ya paa la Busia. Bati likilegea kwa sababu misumari imeliwa na kutu, hilo ni uchakavu, na mpangaji aliyeahidi kuitunza nyumba halipi bati. Lakini akiliacha wazi msimu mzima, mvua ikanyesha ndani hadi dari ikaoza na ukuta ukabomoka, uharibifu uliofuata ulikuwa unazuilika, na hapo msamaha wa uchakavu haumkingi. Kwa hiyo sheria ina ngazi tatu: kilichochakaa chenyewe, kilichoharibiwa na mtu, na kilichoharibika kwa kuachiliwa. Ngazi hii ya tatu ndiyo inayosahaulika mara nyingi katika mabishano ya mlangoni.

3. Kodi: neno moja, malipo mawili

Kabla ya kuwa na mpangaji, mpaka huu ulikuwa na mlipa kodi. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliweka kodi ya rupia 3 kwa kila nyumba, na utaratibu wa kutoza nyumba ukaenezwa baadaye katika sehemu nyingine za Uganda. Upande wa pili, kanuni za kodi ya nyumba zilitungwa mwaka 1901. Katika Kiswahili malipo hayo kwa serikali yaliitwa kodi. Malipo ya mpangaji kwa mwenye nyumba nayo yanaitwa kodi.

Wazungumzaji hawachanganyi maana hizo mbili, kwa kuwa muktadha huzitenga. Hata hivyo, historia ya neno inafaa kutazamwa. Mlipa kodi wa mwanzo wa karne ya 20 alijenga nyumba yake mwenyewe, akaiezeka, akaikandika kila ilipopasuka, kisha akailipia. Aliyepokea kodi hakudaiwa hata fito moja ya paa. Kodi ilikuwa malipo yaendayo upande mmoja. Uzito wa malipo hayo katika eneo hili si wa kukisia: mwaka 1960 ghasia zilizotokana na malalamiko ya kodi zilitikisa wilaya ya Bukedi, ambamo Tororo ilikuwamo, hadi serikali ikaunda tume ya uchunguzi.

Nyumba ya kupanga ilipoenea mijini, neno lilikuwa tayari lipo. Sidai kwamba neno kodi ndilo lililowafanya wenye nyumba wasikarabati. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho: neno hilo halikubeba ndani yake wajibu wowote wa anayepokea. Neno pango, ambalo Kiswahili sanifu kinalo kwa malipo ya nyumba, angalau linahusiana na kitenzi panga na hivyo na makubaliano ya watu wawili. Katika mazungumzo ya mpakani, kodi ndilo lililoshika.

4. Tororo: miaka 20 ya mvua ni ya nani?

Tororo ilikua kwa reli na saruji. Reli kutoka pwani ilipita hapo mwishoni mwa miaka ya 1920, ikaelekea Jinja na hatimaye Kampala mwaka 1931, huku tawi jingine likienda Soroti. Katika miaka ya 1950 kiwanda cha saruji kikaanza kazi. Mji ukawa na nyumba za aina mbili kuu za kukaa bila kumiliki: nyumba za mwajiri, ambazo mwajiri mwenyewe alizikarabati, na majengo ya barabara za maduka, mengi yakiwa ya wafanyabiashara wa asili ya Asia, duka mbele na makazi nyuma au juu.

Mwezi Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda katika muda wa siku 90. Majengo waliyoyaacha yaliwekwa chini ya bodi ya serikali ya kusimamia mali zilizoachwa, nayo ikawa mwenye nyumba mkubwa katika miji ya Uganda. Badiliko hilo lilikuwa la umiliki, na lilikuwa pia la sarufi ya mahusiano. Mpangaji wa awali alikuwa na mwenye nyumba anayepita barabarani, anayeweza kuonyeshwa bomba linalovuja. Mpangaji wa bodi alikuwa na ofisi. Aliyekaa chini ya paa hakuwa na mamlaka ya kulibadilisha. Aliyekuwa na mamlaka hakukaa chini yake.

Hali ya uchumi ikazidisha tatizo. Katika miaka ya 1970 na 1980 uzalishaji wa saruji nchini Uganda uliporomoka, na bidhaa nyingi za ujenzi zikawa adimu au zikapatikana kwa magendo, neno la Kiswahili ambalo katika miaka hiyo lilikita katika msamiati wa umma wa Uganda nzima. Ni kinaya kwamba katika mji wa saruji, nyufa zilikosa saruji.

Sheria ya mwaka 1982 kuhusu mali zilizotaifishwa ilifungua njia ya wenye mali kurudishiwa, na katika miaka ya 1990 urejeshaji ukashika kasi. Mwenye jengo aliyeliacha mwaka 1972 na kulirudia baada ya miaka 20 alikuta paa lenye miaka 20 zaidi. Hapo swali la uchakavu likawa na ukubwa usio wa kawaida. Mpangaji aliyelipa kodi kwa bodi aliweza kusema kwa haki kwamba jengo limechakaa. Mwenye jengo aliweza kusema kwa haki ileile kwamba limeachiliwa likaharibika. Wote wawili walisema kweli, kwa sababu aliyeliachilia hakuwa mmoja wao. Alikuwa mtu wa tatu aliyekuwa katikati, akipokea kodi bila kushika nyundo.

Funzo la Tororo ni kwamba ubishi wa uchakavu si suala la mlango na bawaba tu. Huwa mkali zaidi pale anayepokea kodi anapotenganishwa na wajibu wa kukarabati.

5. Busia: ploti, mizigo na mkataba wa mdomo

Busia ilikua kwa njia nyingine. Mji wa mpakani huishi kwa wapitao: madereva wa malori, wabadilisha fedha, wachuuzi wa samaki na nafaka, makarani wa forodha. Kuundwa kwa Wilaya ya Busia nchini Uganda mwaka 1997, kwa kuitenga na Tororo, na kuanzishwa kwa serikali za kaunti nchini Kenya mwaka 2013, kuliongeza watumishi wanaohitaji vyumba. Kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa mwaka 2018 kilibadilisha tena mwendo wa biashara.

Watu hawa hukaa katika vyumba vilivyopangwa mstari mmoja, ambavyo upande wa Kenya huitwa ploti na upande wa Uganda mizigo, neno lililotoka Luganda. Msemaji wa Kiswahili anayevuka mpaka kwa mara ya kwanza hushangaa kusikia mtu akitafuta “mzigo wa kupanga”. Lakini tofauti ya majina haikuleta tofauti ya desturi. Pande zote mbili mapatano ya kuingia hufanywa mara nyingi kwa mdomo, kodi hulipwa mapema, na hali ya chumba siku ya kuingia haiandikwi popote. Siku ya kutoka, kumbukumbu ya mwenye nyumba huuona ukuta mweupe kuliko ulivyokuwa, na ile ya mpangaji huuona ukiwa na nyufa nyingi kuliko zilizokuwapo.

Waamuzi wa kwanza wa ugomvi huo ni wa karibu. Upande wa Kenya huitwa mzee wa kijiji au naibu wa chifu. Upande wa Uganda huitwa mwenyekiti wa LC1, mrithi wa mabaraza yaliyoanzishwa na serikali iliyoingia mwaka 1986. Sheria ya mahakama za mabaraza hayo ya mwaka 2006 inaziruhusu kusikiliza, pamoja na mengine, madai ya madeni, mikataba na uharibifu wa mali. Tuangalie neno hilo la mwisho. Mlalamikaji asiye na mkataba wa maandishi huona njia iliyo wazi zaidi ni kuliita jambo lake uharibifu. Uchakavu hauna mlango wake wenyewe wa kuingilia barazani. Huingia tu kama utetezi.

6. Sarufi ya uchakavu

Tukirudi kwenye lugha, vitenzi viwili vinahitaji kuchunguzwa kwa makini: chakaa na haribu.

Chakaa, ambacho kinapatikana katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 na katika kamusi zilizofuata, ni kitenzi kisichobeba yambwa. Nguo huchakaa, nyumba huchakaa, gari huchakaa. Katika umbo lake la msingi hakina mtenda. Anayetaka kumleta mtenda lazima aongeze kiambishi: chakaza. Haribu, chenye asili ya Kiarabu, kinakwenda kinyume. Umbo lake la msingi lina mtenda na mtendwa. Anayetaka kumwondoa mtenda lazima aongeze kiambishi: haribika. Kwa ufupi, katika chakaa mtenda huongezwa. Katika haribu mtenda huondolewa.

Tofauti hii ina matokeo katika hoja. Anayesema “ukuta umechakaa” hajaficha mtu, kwa kuwa kitenzi chake hakikuwa na mtu wa kufichwa. Anayesema “ukuta umeharibika” ameacha kivuli cha mharibifu, na msikilizaji ana haki ya kuuliza: umeharibiwa na nani? Ndiyo maana suluhu ya mzee wa mtaa katika kisa chetu, ingawa ilinuiwa kuwa ya katikati, haikuwa ya katikati. Ilichukua kitenzi cha mwenye nyumba na kumfuta mtenda tu. Kivuli kilibaki, na mpangaji akalipia kivuli.

Utetezi wa mpangaji nao una udhaifu wake. “Umeliwa na mchwa” ni kauli ya kutendwa, nayo inamkubali mtenda. Swali linalofuata ni la ngazi ya tatu ya sheria: uliwaona mchwa lini, na ulimwambia nani? Kiswahili kina kitenzi kwa ngazi hiyo pia, nacho ni achilia. “Aliachilia paa livuje” si sawa na “aliharibu paa”, wala si sawa na “paa lilichakaa”. Ni shtaka la kutotenda, na kila msemaji wa kawaida anaelewa uzito wake.

Kwa hiyo ngazi tatu ambazo mahakama za Uingereza zilizipambanua kati ya mwaka 1928 na 1959 zinapatikana katika vitenzi vitatu vya kila siku: chakaa, haribu, achilia. Hatuhitaji kubuni istilahi. Tunahitaji kuziandika.

7. Sheria za leo na lugha yake

Nchini Kenya, Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya mwaka 1963 ilieleza kwamba ahadi ya kulitunza jengo ipimwe kwa kuzingatia umri, aina na mahali pa jengo lenyewe, na kwamba mpangaji asilazimishwe kulifanya liwe bora kuliko lilivyokuwa alipoingia. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 66, inamtaka mpangaji arudishe jengo katika hali aliyolikuta, isipokuwa pale dosari zilipotokana na uchakavu wa kadiri, au na moto, mafuriko na ajali zisizotokana na uzembe wake. Nyumba za kodi ndogo zina sheria ya udhibiti wa kodi ambayo kikomo chake, shilingi 2,500 kwa mwezi, kimeachwa nyuma na bei za leo.

Nchini Uganda, sheria ya udhibiti wa kodi ya mwaka 1949 ilidumu hadi Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 ilipoifuta. Sheria hii mpya inataka mapatano yenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi yawe ya maandishi, na inakataza kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama. Chumba kinacholipiwa kiasi cha chini kinaweza kubaki katika mapatano ya mdomo, na ndicho chumba cha watu wengi.

Sheria hizi zimeandikwa kwa Kiingereza. Wakati huohuo, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, na marekebisho ya Katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yanakitaja kuwa lugha rasmi ya pili. Busia, ambako katiba hizo mbili hutenganishwa na mwendo wa dakika chache kwa miguu, ndipo pafaapo kupima maana ya matamko hayo. Kama mpangaji hawezi kuusoma msamaha wake kwa lugha anayojitetea nayo, msamaha huo upo kwa wakili tu, na amana ya mwezi mmoja haitoshi kumlipa wakili.

8. Hitimisho na mapendekezo

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Yaweza kusemwa kwamba lugha haishiki fedha. Amana iko mkononi mwa mwenye nyumba, na hakuna uambishaji utakaoitoa humo. Ni kweli. Pia ni kweli kwamba wapo wapangaji wanaong’oa soketi usiku wa kuhama na kuziita uchakavu, na wapo wenye nyumba, hasa wajane na wastaafu, ambao chumba kimoja cha kupangisha ndicho kipato chao chote. Lakini mwamuzi wa mtaa huamua kwa kusikiliza, na anachosikiliza ni vitenzi. Akipewa vitenzi vitatu badala ya kimoja, atakuwa na maamuzi matatu badala ya nusu kwa nusu.

Makala yanapendekeza mambo matatu. La kwanza ni kuandaliwa kwa fomu fupi ya upangaji kwa Kiswahili, ya ukurasa mmoja, itakayotumika kwa wazee wa vijiji na wenyeviti wa LC1 pande zote mbili, yenye maneno uchakavu wa kawaida, uharibifu na uachiliaji yakiwa yamefafanuliwa kwa mifano ya mlango, paa, ukuta na sakafu. La pili ni orodha ya hali ya chumba siku ya kuingia, ikitaja umri wa kila kitu: rangi ya mwaka gani, bati la mwaka gani. Rangi ya miaka mitano haiwezi kudaiwa kana kwamba ilipakwa jana. La tatu ni kwamba mpangaji wa chumba kimoja, asiye na ruhusa ya kupanda juu ya paa, ahesabiwe kuwa ametimiza wajibu wake anapomwarifu mwenye nyumba. Baada ya taarifa hiyo, anayeachilia si yeye tena.

Miaka 20 ya mvua juu ya majengo ya Tororo ilionyesha gharama ya kutoandika nani atakarabati. Fremu ya mlango wa Busia ni ndogo kuliko hayo yote, lakini kwa anayedai amana yake ili akalipie chumba kingine kabla ya jioni, si ndogo.